Anza na mwezi mwandamo: jinsi ya kupanga mwaka wa matamasha na sikukuu Unguja mjini

Anayefika Unguja akakuta tamasha limeshapita, au akakuta mikahawa imefunga milango mchana kutwa, mara nyingi hakukosa pesa wala taarifa. Tatizo ni kwamba alitazama kalenda moja tu. Mji wa Zanzibar unakwenda kwa kalenda tatu. Ya Miladia inatumiwa na serikali na waandaaji wa matamasha. Ya Hijria inaamua Ramadhani, Idd mbili na Maulidi. Ya tatu ni Nairuzi, kalenda ya jua yenye asili ya Kiajemi, ambayo watu wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, wanaifuata kwa Mwaka Kogwa, sherehe yao ya mwaka mpya. Zikigongana, Hijria ndiyo inayoshinda, na nyingine husogea kuipisha. Kwa hiyo mpango wowote, uwe wa mwaka huu au wa miaka mitatu ijayo, uanzie hapo.

Kwanza weka Ramadhani kwenye karatasi

Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, hivyo Ramadhani hurudi nyuma siku 10 hadi 12 kila mwaka wa Miladia. Kwa hesabu hiyo, mwaka 2027 inatazamiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari na Idd el-Fitri kuangukia karibu na 10 Machi. Mwaka 2028 itaanza mwishoni mwa Januari, na 2029 katikati ya Januari, Idd ikija katikati ya Februari. Kila tarehe ina nafasi ya siku moja mbele au nyuma, kwa kuwa mwezi huandama kwa kuonekana na si kwa kuchapishwa.

Hii ina maana kubwa, kwa sababu tamasha kubwa la muziki, Sauti za Busara, tangu lilipoanza mwaka 2004 limezoeleka kufanyika Februari. Ukikariri tu kwamba "ni wikiendi ya pili ya Februari", ukanunua tiketi ya ndege kwa mazoea, katika miaka hii mitatu utajiumiza. Hakuna muziki wa jukwaani Mji Mkongwe ndani ya mwezi wa toba. Si jambo geni: ZIFF, tamasha la filamu ambalo watu waliolizoea wanalijua kuwa la Julai, mwaka 2014 lilifanyika Juni ili limalizike kabla ya Ramadhani, na mwaka uliofuata likaanza mara tu baada ya Idd. Kadiri Ramadhani inavyozidi kurudi nyuma, ndivyo zamu ya kusogea inavyohamia kwenye matamasha ya mwanzo wa mwaka.

Kanuni ya kufanyia kazi ni hii: usilipie kitu kisichorudishwa fedha mpaka waandaaji wenyewe watangaze tarehe. Bango linalozunguka kwenye makundi ya WhatsApp si tangazo, na mengi huwa ya mwaka uliopita. Angalia mwaka uliochapwa kwenye bango, halafu angalia kama siku ya wiki inalingana na tarehe. Mabango ya zamani hunaswa hapo hapo.

Kinachofanyika, na mwezi wake

Januari. Tarehe 12 ni Siku ya Mapinduzi ya mwaka 1964. Sherehe, kombe la mpira la Mapinduzi na maonesho ya biashara huujaza mji tangu mwanzo wa mwezi. Barabara kuu hufungwa viongozi wanapopita, kwa hiyo asubuhi ya tarehe 12 usiweke safari ya uwanja wa ndege bila kuongeza saa moja na nusu. Kila mwaka uliza kilele kinafanyika wapi, maana baadhi ya shughuli huhamia Pemba.

Februari, kama Ramadhani haikuingia, ni Sauti za Busara, hasa ndani ya Ngome Kongwe, mkabala na bustani ya Forodhani. Machi hadi Mei ni masika, na usitarajie tamasha kubwa la nje. Vyumba hushuka bei, ila mvua ikishika, vichochoro vya Mji Mkongwe hugeuka mifereji.

Mwishoni mwa Juni na Julai msimu unarudi: ZIFF, iliyoanzishwa mwaka 1997, na Mwaka Kogwa kule Makunduchi, katika wiki ya mwisho au inayoikaribia mwisho ya Julai. Anayepitia Dar es Salaam akumbuke kwamba mwanzoni mwa Julai kuna Maonesho ya Sabasaba. Vyumba vya Dar hujaa na foleni ya Barabara ya Kilwa si ya kuchezea. Baada ya hapo ni Maulidi ya Mfungo Sita, ambayo mwaka 2027 yataangukia karibu na katikati ya Agosti.

Idd el-Fitri haina ofisi wala tiketi, lakini kwa maoni yetu ndiyo sherehe halisi ya mji huu. Kitaifa mapumziko ni siku mbili, ila Unguja husherehekea siku nne. Jioni watoto na nguo mpya hujaa Mnazi Mmoja na viwanja vingine vya skukuu. Usiku vikundi vya taarabu vinaweza kupiga. Anayeitaka taarabu ya asili asisubiri tamasha. Aulize mapema kama Nadi Ikhwan Safaa, kikundi kilichoanzishwa mwaka 1905, au Culture Musical Club watapiga skukuu hiyo, na ukumbi gani.

Kuhesabu kurudi nyuma

Chukua siku ya kwanza ya tamasha, kisha rudi nyuma.

Miezi sita hadi minane kabla: chumba. Hiki ndicho kinachoisha kwanza, kwa sababu Mji Mkongwe hauwezi kupanuka, na nyumba za wageni nyingi zina vyumba vichache tu. Amua kwanza unataka kulala au unataka kuwa karibu. Shangani na Forodhani unatembea dakika chache hadi Ngome Kongwe, lakini muziki utakufikia kitandani hadi usiku wa manane. Malindi ni karibu na bandari, yafaa kwa mwenye boti ya alfajiri. Kikwajuni na Michenzani ni nafuu zaidi na bado unaweza kutembea. Mazizini na Kiembesamaki utahitaji gari kila usiku, na fedha uliyookoa kwenye chumba inaishia kwa dereva.

Kabla ya kutuma malipo ya awali, uliza mambo manne, na uyapate kwa maandishi: chumba kiko ghorofa ya ngapi (ngazi za nyumba kongwe zimesimama wima, mzee au mwenye mtoto mdogo hataziweza), kuna tangi la maji na jenereta, gari hufika umbali gani, na tarehe ya tamasha ikibadilika fedha inarudishwa au inahamishwa. Swali la mwisho ndilo watu hulisahau, na ndilo litakalowagharimu miaka hii ambayo Februari haina uhakika. Kuhusu gari: barabara nyingi za ndani hazipitiki kwa gari, hivyo utashushwa pembezoni, na mzigo utabebwa na wewe au hamali mwenye mkokoteni. Sanduku la magurudumu madogo halifai kwenye njia hizo.

Miezi mitatu hadi minne kabla: tiketi ya tamasha. Tiketi za mapema huwa na bei ya chini. Bei hugawanywa: Mtanzania, mkaazi, mgeni. Hapa watu wa ughaibuni hukwama. Ukiwa na pasipoti ya nchi nyingine, jina la Kimakunduchi na Kiunguja kilichonyooka havitakusaidia mlangoni. Ukinunuliwa tiketi ya Mtanzania utaombwa kitambulisho, na utalipa tofauti au urudi nje. Nunua ya daraja lako. Na kama una siku mbili tu, usinunue ya siku zote. Subiri ratiba ya wasanii kwa siku, ndipo uchague.

Mgeni kutoka nje ya nchi aweke pia bima. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 wageni hutakiwa kuwa na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, na bima uliyokata kwenu haichukui nafasi yake. Ilipie mtandaoni kabla ya kuondoka, maana foleni ya uwanjani baada ya safari ya usiku mzima huchosha.

Wiki tatu hadi nne kabla: boti. Boti ya mwendo kasi kutoka Dar es Salaam huchukua saa mbili hivi, na kuna safari kadhaa kwa siku. Siku za kawaida unaweza kukata jana yake. Ijumaa ya tamasha, na siku tatu za kuelekea Idd, usijaribu. Wafanyakazi na wanafunzi wote wa Bara wanarudi kwao, na boti za mchana huwa zimejaa. Nunua kwenye ofisi ya kampuni au mtandao wake. Langoni kwa bandari ya Dar wapiga debe watakwambia tiketi zimekwisha ili wakuuzie za kwao. Jina kwenye tiketi lifanane na la kitambulisho, herufi kwa herufi. Mgeni abebe pasipoti hata kama anatoka Dar, kwa kuwa uhamiaji hukagua Malindi.

Soma saa kwa makini. Tiketi iliyoandikwa 07:00 ni boti ya saa 1 asubuhi, si saa 7 mchana. Ni kosa la kitoto, lakini mtu anayeagiza tiketi kwa simu kupitia ndugu hulifanya: mmoja anasema saa za Kiswahili, mwingine anaandika za kompyuta. Rudia kwa maneno, "saa 1 asubuhi", na umalize.

Juni hadi Agosti kuna kusi, na bahari ya mkondo huchafuka. Kaa chini, katikati au nyuma ya boti, usikae mbele ambako hupanda na kushuka zaidi. Kula chakula chepesi, na dawa ya kichefuchefu meza kabla ya kuondoka. Ukiimeza wakati tumbo limeshachafuka umechelewa. Februari, kipindi cha kaskazi, safari kwa kawaida huwa tulivu zaidi, ila joto ni kali.

Ndani ya Ngome Kongwe

Uwanja wa ndani hauna paa, na mabaraza yake ni ya mawe. Chukua khanga au kikoi cha kukalia. Filamu za nje haziwezi kuanza kabla giza halijaingia, hivyo usiku wa ZIFF ule kwanza. Forodhani ni hatua chache, na urojo au mishikaki humalizwa kwa nusu saa. Uliza bei kabla ya kutoa oda, hasa ya samaki na kamba, kwani ukishakula huna tena nafasi ya kupatana.

Siku ya ufunguzi wa Busara, miaka mingi, hutanguliwa na msafara wa ngoma na beni mitaani unaoishia pwani. Ni bure, na kwa wenye watoto ni bora kuliko jukwaa la usiku. Fedha taslimu zitoe asubuhi. Jioni ya tamasha mashine za benki huwa na foleni au huishiwa. Mawakala wa simu wapo kila kona, lakini nao huishiwa, basi usitegemee njia moja.

Mavazi: mabega na magoti yafunikwe ukiwa mitaani. Ndani ya ukumbi hakuna atakayekufukuza kwa kukosea, ila utapita misikitini na mabarazani kwenda na kurudi.

Makunduchi kwa siku moja

Mwaka Kogwa uko zaidi ya kilomita 60 kusini mwa mji. Daladala ni namba 310. Kwa kusimama kila kituo yaweza kuchukua saa mbili, na usitegemee kupata ya kurudi jioni. Watu wanne wakodi gari na dereva kwa siku nzima, wakikubaliana saa ya kurudi kabla ya kuondoka.

Wanaume wa pande mbili za Makunduchi hupigana kwa vigogo vya migomba, wanawake wakiimba mashairi ya kejeli, kisha kibanda cha makuti huchomwa moto. Sehemu hiyo ni fupi, na anayekuja saa 10 jioni akitazamia "ndiyo kwanza inaanza" hukuta majivu. Fika kabla ya adhuhuri. Simama pembeni: pambano husambaa, na moshi hufuata upepo. Baadaye ni kula na ngoma. Kwa mila ya hapo, kukosa mgeni siku hiyo ni nuksi, basi ukikaribishwa chakula usikatae. Kilo mbili za sukari au mchele mkononi zinatosha kuwa adabu. Droni usirushe bila kibali.

Kuondoka

Siku inayofuata usiku wa mwisho wa tamasha, boti ya asubuhi hujaa kabla ya nyingine zote. Kata ya kurudi siku ile ile uliyokata ya kuja, na chagua ya mchana. Mwenye ndege ya kimataifa kutoka Dar asiiunganishe na boti ya siku hiyo katika miezi ya kusi. Avuke jana yake, alale Dar, au apande ndege kutoka Unguja moja kwa moja.