Jinsi ya kumsoma mchezaji wa majeruhi kabla hujamuita pancha

Wadau, kila dirisha la usajili likifunguliwa ni yale yale, jina linatajwa, mtu anajibu "huyo pancha tu", yaani mtu wa kuumia kila siku, na mjadala unafia hapo. Huwa inaniuma, maana wengi wanaoitwa hivyo ni mafundi kweli kweli na ukikaa ukafuatilia walikotoka unakuta mambo yanaelezeka kabisa. Hii hapa njia ninayotumia mimi, unahitaji bando na muda kidogo basi.

Ingia tovuti ya Transfermarkt, andika jina la mchezaji, kwenye ukurasa wake kuna sehemu ya historia ya majeraha. Utakuta jedwali: msimu, aina ya jeraha, tarehe aliyoumia, tarehe aliyorudi, siku alizokaa nje na mechi alizokosa. Usikimbilie kujumlisha siku, hapo ndo wengi wanapoishia, wanaona namba kubwa wanahukumu. Chukua karatasi uyagawe mafungu mawili, yale ya kugongwa kama mguu kuvunjika au enka kukanyagwa, na yale aliyoumia bila mtu kumgusa, nyama za paja, kigimbi, kinena. Halafu tafuta ni mguu upi, jedwali halisemi kila mara kwa hiyo itabidi usome habari za siku ile, na usiruke hii hatua kwa sababu paja la kushoto mara tatu na mapaja yote mawili kwa kupokezana ni kesi mbili tofauti.

Sasa tafuta jeraha kubwa la kwanza. Hapa kaa sana. Moja ya dalili kubwa kwamba mtu ataumia nyama za nyuma ya paja ni kwamba alishaumia hapo hapo, wataalamu wa mpira wamelijua hili miaka mingi. Msuli ukichanika unapona na kovu, na kovu halivutiki kama nyama nzima, sasa mchezaji anatembea haumwi, anakimbia taratibu haumwi, anajiona fiti na kocha anamuona fiti, lakini tangu aumie hajakimbia hata mara moja ile kasi yake ya mwisho, Jumamosi anapangwa, winga wa upande wa pili anamtoka, anafungulia, dakika ya 20 unamuona ameshika paja. Goti au enka nayo ina mambo yake, mguu mmoja ukiwa dhaifu mwili unaegemea mwingine bila mwenyewe kujua, miezi inapita unasikia kigimbi cha mguu ule mzima kimeachia. Ndo maana orodha ya majeraha 15 mara nyingi ni jeraha moja lililozaa.

Mashabiki wa Arsenal wanamkumbuka Abou Diaby. Tarehe 1 Mei 2006, ugenini Sunderland, mechi Arsenal wameshaimaliza wanaongoza 3-0, anaingiliwa vibaya enka inavunjika, hana hata miaka 20. Kuanzia hapo ni enka, paja, kigimbi, na mwaka 2013 ligamenti ya goti ikakatika, 2015 akaondoka klabuni. Kijana mrefu, miguu mirefu, anapita katikati ya watu watatu na mpira umemganda, Waingereza walimlinganisha na Patrick Vieira. Mtu akiniambia Diaby alikuwa mwili laini namuuliza kama alishaiona ile faulo ya Sunderland.

Ukishapata jeraha la kwanza, angalia pengo kati ya kurudi na kuumia tena, na uangalie kulikuwa na nini kwenye kalenda wakati anarudi. Fainali? Dabi? Kombe la Dunia? Mfano mkubwa kuliko yote ni Ronaldo Nazário, yule Mbrazil. Novemba 1999 akiwa Inter dhidi ya Lecce kano ya pia ya goti la kulia inachanika, anafanyiwa upasuaji Paris. Anarudi 12 Aprili 2000, fainali ya kombe la Italia, mechi ya kwanza Roma dhidi ya Lazio, anatokea benchi. Kama una roho ngumu tafuta ile video. Anapokea mpira, anamwendea beki, anapitisha miguu juu ya mpira kama kawaida yake, goti linaachia lenyewe, hajaguswa na mtu, anaanguka ameshika goti analia, alikuwa uwanjani dakika kama saba hivi. Msimu wote wa 2000-01 hakucheza.

Halafu fanya kitu ambacho watu hawafanyi, tazama video za kabla na za baada, ila usitazame magoli tu, tazama mpira anaupokelea wapi na anakimbia nao umbali gani kabla hajapiga. Ronaldo wa Barcelona, Oktoba 1996 dhidi ya Compostela, anauchukua karibu na katikati ya uwanja, wanamvuta jezi, haanguki, anafika mpaka golini. Msimu ule alifunga 47 katika mechi 49. Sasa weka fainali ya Kombe la Dunia 2002 kule Yokohama. Goli la kwanza kipa wa Ujerumani, Kahn, ameutema mpira wa Rivaldo, yeye yuko pale anamalizia, la pili pasi ya Kleberson, Rivaldo anauachia upite, yeye anatuliza anauweka pembeni. Mashindano yale alifunga magoli 8. Hakuna goli pale linalotaka mbio za mita 50. Kichwa kilikuwa kimeshajifunza kufanya kazi iliyokuwa inafanywa na miguu, na mimi namheshimu Ronaldo wa 2002 kuliko hata yule wa 96, najua wengi hamtakubali.

Wapo ambao mchezo wao wote ulikuwa mbio, hao jeraha linawachukulia kitu kisicho na mbadala. Michael Owen aliumia nyuma ya paja Aprili 1999 pale Leeds akiwa na miaka 19, na mwenyewe ameshasema kwamba baada ya hapo hakuwa yule tena. Na kumbuka Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora, aliibeba 2001, yani dunia inampa tuzo yeye anajua kuna kitu kimepungua.

Kuhusu heshima ya mchezaji, angalia kipi kilitangulia, kuumia au kubeba. Marco van Basten enka ilimmaliza, mechi yake ya mwisho ya ushindani ni fainali ya Ulaya ya Mei 1993 dhidi ya Marseille akiwa na miaka 28, ila alishakuwa na Ballon d'Or tatu na lile goli la Euro 1988, kwa hiyo anaitwa gwiji, pancha hakuna anayemuita. Marco Reus kaumia enka kwenye mechi ya kirafiki na Armenia, Juni 2014, siku moja kabla timu haijapanda ndege kwenda Kombe la Dunia, Ujerumani wakabeba kombe yeye yuko nyumbani. Kipaji kile kile, uchungu ule ule wa enka, lakini mmoja aliumia akiwa ameshabeba na mwingine kabla hajabeba, na sisi mashabiki tunahukumu kwa hicho. Kwa hiyo ukiwa unalinganisha watu weka kwanza umri aliokuwa nao alipoumia na alishashinda nini kufikia siku hiyo.

Nyumbani tuna Victor Wanyama, kiungo Mkenya. Msimu wa 2016-17 alicheza mechi 36 za ligi akiwa na Tottenham, Agosti 2017 goti likaanza. Februari 2018 anatokea benchi Anfield, mpira unamfikia nje ya boksi anaupasua moja kwa moja wavuni, utadhani hajawahi kuumwa. Lakini kucheza kwa mfululizo hakukurudi tena, 2020 akaenda Montreal. Mtu aliyeanza kumtazama 2019 hawezi kukuambia Wanyama ni nani.

Cha mwisho uangalie ni mazingira, nani anamtunza na wanamtumiaje. Arjen Robben aliitwa mtu wa kioo tangu yuko Chelsea, Bayern akacheza miaka 10 na goli la ushindi la fainali ya Ulaya 2013 ni lake. Ledley King wa Tottenham goti lilikuwa limeisha, mazoezi na wenzake karibu hafanyi, anapiga gym na bwawa la kuogelea, siku ya mechi anacheza. Ousmane Dembélé alianza kuumia Barcelona Septemba 2017, wiki chache tu tangu asajiliwe, akasemwa mvivu, akasemwa anakula hovyo, 2025 akabeba Ballon d'Or akiwa PSG. Mwili ule ule.

Na kama wewe mwenyewe ni mchezaji au unafundisha madogo mtaani, usimrudishe kijana kwa sababu anasema haumwi. Mrukishe kwa mguu mmoja, pima umbali, linganisha na mwingine, kisha mkimbize kasi ya mwisho mara kadhaa siku tofauti kabla hujampa jezi. Fanyeni na lile zoezi la kupiga magoti, mwenzako anakushika visigino, unashuka mbele taratibu mgongo umenyooka mpaka paja linashindwa kukushikilia, tafiti nyingi zimeonyesha linapunguza kuumia nyuma ya paja, na halina gharama yoyote. Wiki za mwanzo mapaja yatauma, anzeni na chache muongeze pole pole, na msilifanye siku moja kabla ya mechi.