Mafao ya kukosa kazi Texas: ukikataliwa, endelea kuomba malipo

Nimepoteza malipo ya wiki sita kwa kosa langu mwenyewe. Nitapita haraka kwenye kustahili, kisha tufike panapouma.

Hii si sadaka. Ni bima inayolipiwa na mwajiri kwa kodi yake. Kwenye stabu yako, ile karatasi ya mshahara, hukukatwa hata senti. Kazi ikipungua ukaachishwa, umo. Ukiacha mwenyewe bila sababu nzito ya kikazi, au ukifukuzwa kwa utovu wa nidhamu, jiandae kukataliwa. Kibali cha kazi kiwe hai. Na ndugu zangu wa Uber, mapato ya 1099, yaani ya kujiajiri, hayahesabiwi, hata kama ulikuwa unalala ndani ya gari.

Wengi hukwamia kwenye hesabu. Mwaka unagawanywa robo nne. Ofisi ya mafao wanachukua robo tano za mwisho zilizokwisha, wanaiacha ya karibuni, wanabaki na nne. Ukiomba Mei, wanatazama Januari hadi Desemba mwaka jana. Jasho la Februari mwaka huu halimo. Robo uliyopata pesa nyingi zaidi inagawanywa kwa 25, unapata malipo ya wiki, ingawa kuna kikomo. Dola 9,000 zinakupa 360 kwa wiki. Ila jumla ya robo zote nne ifike mara 37 ya malipo hayo ya wiki, yaani 13,320, na mshahara uonekane katika robo zaidi ya moja. Jamaa yangu alianza ghalani Oktoba, akaachishwa Mei. Miezi saba hajakosa shifti, lakini kwenye hesabu yao ana robo moja tu. Akatoka kapa.

Omba wiki ile ile uliyoachishwa, kwa mtandao au simu, maana dai huanzia Jumapili ya wiki uliyoomba. Ukichelewa, wiki zimekwenda. Jina la mwajiri liandike kama lilivyo kwenye stabu. Kama uliletwa na wakala wa ajira, mwajiri wako ni wakala, si lile ghala lenye bango kubwa. Na kazi ya wakala ikiisha, mpigie kwanza uombe nyingine, la sivyo unaweza kuhesabiwa kuwa umeacha mwenyewe.

Mimi nilipiga. Saa moja na dakika arobaini na mbili asubuhi, dada wa mapokezi akaniambia, "Hakuna kitu, tutakuita." Wiki mbili baadaye barua inakuja: wakala amesema niliacha kazi, mafao yamekataliwa.

Una siku 14 za kukata rufaa, na zinaanza kuhesabiwa tarehe barua ilipotumwa, si siku uliyoifungua. Kama ulichagua barua za mtandaoni, fungua sanduku lako kila siku. Nilikata rufaa siku ya kumi na moja. Mpaka hapo nilikuwa mjanja.

Ujinga ukaja baadaye. Kila wiki mbili unatakiwa kuomba malipo: unajibu kama ulitafuta kazi, kama ulikuwa tayari kufanya kazi, umeingiza kiasi gani. Nikajiambia, nimeshakataliwa, naomba nini tena? Nikaacha. Kumbe ukishinda rufaa wanalipa zile wiki ulizoomba kwa wakati wake tu.

Rufaa yenyewe husikilizwa kwa simu. Omba mkalimani wa Kiswahili mapema, ni bure. Wangu alikuwa wa Bukavu, mimi wa Tanga, tukaelewana vizuri tu. Ushahidi utume kabla, nakala moja kwa afisa anayesikiliza rufaa na nyingine kwa mwajiri. Wangu ulikuwa picha moja ya skrini ya simu yangu: namba ya wakala, tarehe, saa, dakika nne za maongezi. Nikashinda. Nikalipwa wiki nilizoomba, zile sita zikabaki hewani.

Mengine madogo. Jiandikishe WorkInTexas, tovuti ya jimbo ya kutafuta kazi, ndani ya siku tatu za kazi, na weka daftari la kazi ulizoomba: tarehe, kampuni, nani ulizungumza naye. Ukipata kibarua, taja pesa kabla ya makato, kwa wiki uliyofanya kazi, si wiki uliyolipwa. Pesa hiyo isipozidi robo ya malipo yako ya wiki, mafao hawayagusi; kwa yule wa 360, ni dola 90. Na chagua wakukate asilimia 10 ya kodi ya shirikisho tangu mwanzo, kwa sababu Januari karatasi ya 1099-G, inayoonyesha mafao uliyolipwa ili uyalipie kodi, itakuja hata kama pesa ulishakula zamani.