Jinsi ya Kujifunza Vitenzi vya Kiingereza vya Maneno Mawili kwa Kuanzia na "Put"

Anayejifunza Kiingereza hukutana mapema na kitenzi "put", akaambiwa kwamba maana yake ni kuweka, na kwa muda maana hiyo humtosha. Kisha siku moja husoma "They put out the fire" akabaki anajiuliza moto umewekwa wapi, ilhali sentensi inasema kwamba waliuzima. Msemaji wa Kiswahili hana sababu ya kuliona jambo hili kuwa geni, kwani sisi wenyewe tunapiga simu, tunapiga pasi na tunapiga kura bila ya mtu yeyote kupigwa. "Put out" ni kitenzi kimoja kilichoandikwa kwa maneno mawili, na hujifunzwa kikiwa kizima.

Chagua basi kitenzi kimoja cha msingi na ukae nacho hadi ukizoee, badala ya kukariri orodha ndefu iliyochanganya vitenzi vya kila aina. Napendekeza "put" kwa sababu umbo lake halibadiliki katika wakati uliopita. Anza na vichache: "put on", "put off", "put out", "put away" na "put up with", ingawa hiki cha mwisho kina maneno matatu. Usiandike mbele ya kila kimoja maana ya neno moja tu, bali kiandike ndani ya sentensi kamili, kwa sababu mara nyingi nomino inayokifuata ndiyo inayoamua maana. Mtu akisema "We put off the meeting", mkutano umeahirishwa. Akisema "The smell put me off my food", harufu imemkata hamu ya chakula. Vivyo hivyo, "put on a shirt" ni kuvaa shati, "put on weight" ni kunenepa, na "put on a play" ni kuandaa na kuonyesha mchezo wa kuigiza.

Hapo kwenye kuvaa pana mtego unaotuhusu sisi hasa. Kiswahili hutumia kitenzi kimoja na kubadilisha kiambishi tu: "anavaa" na "amevaa". Kiingereza hutenganisha tendo na hali, hivyo "She is putting on a red dress" humaanisha kwamba gauni jekundu ndilo analivaa sasa hivi, na ukitaka kusema kwamba tayari amelivaa, utasema "She is wearing a red dress".

Jambo linalohitaji mazoezi mengi zaidi ni mahali pa kuweka yambwa, yaani kile kinachotendewa. Yambwa ikiwa ni nomino, unaweza kuiweka baada ya neno dogo kama "out" au "off", au katikati: "put out the fire" na "put the fire out" zote ni sahihi, ingawa nomino yenye maelezo marefu hukaa vizuri zaidi mwishoni. Yambwa ikiwa ni kiwakilishi kama "it" au "them", haina hiari. Lazima ikae katikati, yaani "put it out", wala si "put out it". Hata hivyo, usiipeleke kanuni hii kwa kila kitenzi. "Put up with", chenye maana ya kuvumilia, hakigawanyiki kamwe, kwa hiyo husemwa "I cannot put up with it". Na "look after", yaani kutunza, husemwa "look after it". Njia ninayoiamini ni kuandika kila sentensi mara mbili, kwanza kwa nomino kisha kwa kiwakilishi, na kuzisoma zote mbili kwa sauti. Unaposoma "put it off", weka mkazo kwenye "off", kwa kuwa ndilo neno linalobeba maana.

Kwa vile "put" haibadiliki, wakati hutambulika kwa dalili nyingine. "He puts off his work" ni mazoea ya sasa. "He put off his work", bila ya "s", ni jambo lililopita. Katika kusikiliza herufi hiyo hupotea upesi, kwa hiyo itafute kwa makusudi.

Katika barua rasmi au andiko la kitaaluma, Kiingereza mara nyingi hupendelea "postpone" kuliko "put off", "tolerate" kuliko "put up with" na "extinguish" kuliko "put out". Jifunze jozi hizo pamoja, lakini usidhani kwamba vitenzi vya maneno mawili ni vya mitaani. Hata watu wenye elimu kubwa huvitumia wanapozungumza.

Ukishaweza kutunga sentensi zako mwenyewe bila ya kutazama daftari, nenda kwenye "take". Hicho hubadilika kuwa "took" na "taken", kwa hiyo fanyia mazoezi maumbo yote matatu, ukianza na "take off", ambacho kwa nguo ni kinyume cha "put on", na kwa ndege ni kuruka.