Kabla Hujaingiza Vyura Ndani ya Nyumba: Mambo ya Kuzingatia

Chura hanywi maji kwa mdomo. Huyanywa kwa ngozi, hasa ya tumboni na mapajani, na sehemu ya pumzi yake hupita kwenye ngozi hiyohiyo. Lishike hilo kabla hujatoa shilingi yoyote. Maji, hewa, udongo, mkono wako, kila kinachomgusa chura kinamwingia mwilini. Kwa hiyo usianze kwa kununua tangi la kioo la kuwafugia, anza kwa kuikagua nyumba yako.

Wengi hapa Mwanza hupata hamu baada ya kuona picha za vyura wa mishale, wale wadogo wa bluu na njano ambao baadhi yao Waemberá wa Kolombia walitumia sumu yao kwenye mishale ya kupuliza. Kwao ni misitu ya Amerika ya Kati na Kusini, wamo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, na kuwaingiza nchini bila vibali ni kujitafutia kesi. Sumu yenyewe huitoa kwenye sisimizi na wadudu wengine wanaowala porini, ndiyo maana waliozaliwa kwenye matangi hawana. Ushauri wangu ni kuwaacha waliko. Sisi tunao vyura wa matete, wenye urefu wa sentimita tatu hivi, wanaolia kila jioni kando ya ziwa, na tangi lao halitofautiani sana na la wale wa mishale. Nao pia si wa kuokota tu. Mnyamapori ni mali ya umma, na chura ni mnyamapori. Pita kwanza ofisi ya maliasili ya wilaya au TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, uulize kuhusu kibali, ujibiwe, ndipo uendelee.

Mahali pa kuweka tangi: ukuta wa ndani, mbali na dirisha linalopigwa na jua. Nyumba ya bati isiyo na dari inawaka mchana, na kioo kilichofunikwa huongeza joto juu ya joto. Vyura wa mishale huanza kuumia joto likikaribia nyuzi 30. Wa matete huvumilia zaidi, lakini usiwapime uvumilivu. Nunua kipimajoto, kibandike ndani ya tangi tupu, ukisome saa nane mchana kwa wiki nzima.

Fundi vioo atakutengenezea tangi lenyewe. Mwambie liwe refu kwenda juu, maana vyura hawa hupanda. Upana wa sentimita 45 na kimo cha 60 kinatosha kwa kikundi kidogo. Gundi ya silikoni iwe ya kawaida, ile inayonuka siki, isiwe ya bafuni iliyotiwa dawa ya kuzuia ukungu. Liache wazi mpaka harufu iishe kabisa.

Maji. Ya bomba yanatoka ziwani na yametiwa klorini, kwa hiyo yaweke kwenye ndoo iliyo wazi siku nzima kabla ya kuyatumia. Maji ya ziwa yasiyotibiwa usilete: yana vimelea, yana kichocho kinachokusubiri wewe unayeyachota, na Ghuba ya Mwanza ina majira yake ya utando wa kijani ambao si wa kuchezea. Ya mvua ni mazuri, ila yaache yale ya kwanza yanayoosha bati.

Sasa mfuniko. Hapa naomba unisikilize vizuri.

Rafiki yangu ni mwalimu wa baiolojia katika sekondari moja upande wa Ilemela. Aliamua kuwatengenezea wanafunzi wa klabu ya sayansi tangi la vyura, na alifanya kila kitu kwa utaratibu: kibali, tangi zuri, kokoto chini, udongo juu, tawi la mpera la kupandia, maji yaliyolala. Juu ilihitajika kitu cha kupitisha hewa na kuzuia vyura kutoka. Wanafunzi wakaleta kipande cha wavu mweupe, wakakivuta kwenye fremu ya mbao, kikakaa vizuri. Vyura wakaingia. Usiku wa kwanza walilia, na watoto wa bweni wakatoka kuja kuwasikiliza.

Baada ya siku chache mmoja alikutwa chini, miguu imenyooka, anatetemeka. Akafa. Wakafuata wengine kwa namna ileile. Mwalimu akashuku maji, akayabadilisha yote. Akashuku udongo, akaumwaga na kuweka mwingine. Akang'oa mimea. Akaosha kioo, akasuuza, akakausha juani, kisha akaleta vyura wapya. Nao wakafa, na safari hii haraka zaidi. Nilifika siku hiyo nikawakuta wanafunzi wamesimama kimya kuzunguka tangi. Binti mmoja wa kidato cha pili alikuwa analia, akisema wamewatoa kwenye matete yao kuja kuwaua. Mwalimu hakuwa na jibu la kumpa, wala mimi.

Aliyeufungua ugumu huo ni mama anayefagia madarasa. Alisimama na fagio lake, akaangalia juu ya tangi. "Mwalimu, samahani. Hicho si chandarua cha msaada? Mbona hicho mbu akikigusa anakufa?"

Ndicho kilikuwa. Vyandarua tunavyogawiwa vimetiwa kiuatilifu tangu kiwandani, na kazi ya dawa hiyo ni kudumu: vimetengenezwa vihimili kufuliwa mara 20 na kufanya kazi miaka mitatu hivi. Kuzeeka au kuchanika hakuiondoi dawa yote. Chura wa matete usiku hupanda mpaka juu kabisa, akajibandika kwenye mfuniko kwa tumbo, yaani kwa ngozi ileile anayonywea maji. Na kila waliponyunyizia maji kupitia wavu, matone yalishuka na dawa kidogo. Walibadilisha kila kitu ndani ya tangi isipokuwa kilichokuwa juu yake.

Kanda ya Ziwa vipande vya vyandarua viko kila mahali. Vinazungushiwa mbegu za nyanya, vinafunika vifaranga, vinaanikiwa dagaa. Kwa hiyo usimwamini anayekuambia wavu wake "ni wa kawaida tu". Nenda dukani, nunua wavu wa madirisha usiotiwa dawa, wa mita moja. Bei yake haifiki hata gharama ya kioo kimoja cha tangi.

Kutoka hapo, hesabu kila dawa ya wadudu iliyomo nyumbani. Ya kupuliza mbu, ya kuchoma, ya mende, chaki ya sisimizi. Kama wapuliziaji wa dawa-ukoko wamepita kwenye kuta zako, usiweke tangi kwenye chumba hicho. Kuna watu hufunika tangi kwa kanga wakati wa kupuliza, halafu wanaifunua baada ya saa moja. Kanga haizuii kitu. Kama ni lazima upulize, tangi litoke nje ya nyumba, na lisirudi mpaka chumba kimepata hewa ya kutosha na sakafu imepigwa deki.

Mimea nayo ichunguze hivyohivyo. Ya kununua barabarani mara nyingi imepuliziwa, kwa hiyo ioshe, ihamishie udongo mwingine, ikae pembeni wiki kadhaa kabla haijaingia. Udongo uwe wa mahali ambapo huna shaka napo, si wa shamba la pamba wala la nyanya. Chini kabisa weka kokoto ili maji ya ziada yashuke na yasichachishe udongo.

Chakula kitangulie vyura. Vinzi vya matunda utavizalisha kwenye chupa zenye ndizi iliyoiva sana. Yai hadi mzima ni kama siku kumi kwa joto letu. Anza wiki tatu kabla, uwe na chupa zaidi ya moja. Vipakaze vinzi hivyo unga wa kalsiamu wenye vitamini mara kwa mara, la sivyo mifupa ya vyura italegea. Wadudu wanaokuja kwenye taa ya nje usiwaokote, hujui wamepita ukuta wa nani.

Usichanganye vyura wa sehemu mbili tofauti. Watanzania tuna kisa chetu wenyewe hapa. Vyura wadogo wa Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa, walionekana mara ya kwanza mwaka 1996, wakiishi kwenye manyunyu ya maporomoko tu. Maji yalipochepushwa mwaka 2000 kwa ajili ya umeme manyunyu yakapungua, na mwaka 2003 idadi yao iliporomoka huku ugonjwa wa kuvu ya ngozi ukikutwa kwao. Kufikia 2009 walitangazwa kutoweka porini. Waliobaki ni uzao wa waliopelekwa Marekani na kutunzwa kwenye matangi katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo, na kuanzia 2010 baadhi walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kuvu hiyo husafiri kwa maji, kwa udongo na kwa chura anayeonekana mzima. Kwa hiyo maji machafu ya tangi yasimwagwe mtaroni wala ziwani. Yatie jiki, yakae, ndipo uyamwage chooni. Na chura ukimchoka usimrudishe kwenye matete. Rudi kwa waliokupa kibali.

Mengine ni ya kawaida. Nawa mikono kabla na baada, bila mafuta ya kujipaka. Watoto wasiwashike. Chupa ya kunyunyizia iwe mpya, isiwe iliyowahi kubeba dawa ya nywele. Miguu ya meza ikae kwenye makopo ya maji, maana sisimizi wakipata njia humaliza vyura wadogo usiku mmoja. Mwambie jirani mnayegawana ukuta akujulishe kabla hajapuliza. Na ukisafiri kwenda Bukoba kwenye msiba, kazi mwachie mtu aliyewahi kuwanyunyizia maji mbele yako, na dawa za mbu uzifungie kabatini kabla hujaondoka.