Ndimu kwenye maharage

Kama una binti ameshaanza hedhi usiishie kumwambia "kula mboga" basi, mpe na sababu: damu ile ya kila mwezi inaondoka na madini ya chuma, na lazima yarudi kupitia msosi, maharage, mchicha, dagaa, maini mfuko ukiruhusu. Sasa chuma cha maharage na mchicha mwili hauchukui kirahisi, kwa hiyo akamulie ndimu kwenye sahani au ashushie na chungwa, vitamini C inasaidia sana, ila chai ya rangi asinywe na chakula maana inazuia, asubiri kama saa 1 hivi baada ya kula. Hiyo kazi ya kukamua mwachie yeye, akamulie na wadogo zake, atashika haraka kuliko mahubiri yako. Ndimu zikiadimika, hoho mbichi kwenye kachumbari nayo inafaa.