Jani la muhogo lisikudanganye: kukitambua kirusi kwa kusoma vinasaba

Safari yangu ya kwanza ya Ukerewe nilichuma majani 40 nikayasokomeza kwenye mfuko wa plastiki. Meli ya Nansio ikachelewa, na kufika Mwanza yalikuwa mchicha uliochemshwa. Siku hizi nabeba magazeti makuukuu: jani la batobato, ugonjwa wa kirusi unaotia majani mabaka, nalikausha katikati ya kurasa, na vinasaba vya kirusi, yaani DNA yake, vinabaki salama. Kirusi cha michirizi ya kahawia, ugonjwa wa pili wa muhogo, vinasaba vyake ni RNA, na RNA haina subira hiyo. Jani lake lizamishe papo hapo kwenye dawa ya kuhifadhi RNA.

Batobato itafute juu, kwenye majani machanga yaliyojikunja na kutoka mabaka. Michirizi iko chini, kwenye majani yaliyokomaa, umanjano ukifuata mishipa. Ukiruhusiwa, chimba na muhogo mmoja uukate uone kama umeoza ndani. Kisha chuma jani la shina linaloonekana zima. Mama mwenye shamba alinishangaa: "Mwanangu, hilo zuri la nini?"

Maabara, utomvu wa muhogo ndio adui. Mimi hutumia CTAB, kemikali ya kutoa vinasaba kwenye jani, na siharakishi kusafisha. DNA ya batobato ni duara, hivyo kimeng'enya cha phi29 huizunguka kikiinakili tena na tena. RNA igeuze kwanza kuwa cDNA, yaani nakala yake ya DNA. Kusoma herufi za vinasaba, kifaa kama MinION kinatosha mfukoni na huchomekwa kwenye kompyuta mpakato. (Chaji betri mapema, umeme wetu unajulikana.)

Ukishaunganisha vipande vilivyosomwa, BLAST, programu ya kulinganisha mifuatano ya vinasaba, itakupa jina kutoka GenBank, hazina ya mifuatano hiyo. Usilishike haraka. Mimi niliwahi kusoma kipande cha jeni ya ganda la kirusi tu, nikaandika ACMV, batobato ya Afrika. Mwenzangu akanirudisha nisome DNA-A yote, moja ya duara mbili za DNA za kirusi cha batobato, herufi kama 2,800. Kumbe ni EACMV-UG, ile iliyoangamiza mihogo ya Uganda miaka ya 1990: ni batobato ya Afrika Mashariki iliyomeza herufi 459 za ACMV katikati ya jeni hiyohiyo, na mimi nilikuwa nimesoma humohumo. Kwa hiyo pitisha mfuatano kwenye programu ya kutafuta mchanganyiko, kama RDP, kabla ya kuchora mti wa ukoo.

Kwa batobato, DNA-A nzima ikifanana na spishi inayojulikana kwa 91% au zaidi, ni ya spishi hiyo. Ikipungua hapo na kila spishi, huenda umepata mpya. Michirizi ina RNA moja ya herufi kama 9,000, na mpaka wake ni 76% kwenye sehemu yote inayotengeneza protini. Virusi vya michirizi, CBSV na UCBSV, vinafanana chini ya hapo, ndiyo maana vinahesabiwa spishi mbili.

Jibu lipeleke kabla ya msimu wa kukata mbegu. Mama wa Ukerewe hakuuliza asilimia. Aliuliza akate pingili shina lipi. Lile "zuri" lilikuwa na michirizi. Nikamwambia, "Hilo usikate, mama."