Mapinduzi au mapinduzi? Namna ya kuamua herufi kubwa

Unapoandika historia na kukwama kwenye herufi kubwa, muulize msomaji wa kufikirika: "Ni lini?" Akiweza kujibu bila kukuuliza kwanza "mapinduzi yapi?" au "vita vipi?", hilo ni jina, lipe herufi kubwa. Mapinduzi ya Zanzibar: 12 Januari 1964. Vita vya Maji Maji: 1905 hadi 1907. Azimio la Arusha: 1967. Lakini "mapinduzi ya kijeshi" au "vita vya mpakani" vimetokea mara nyingi na kwingi, kwa hiyo herufi ndogo. Sababu ni ileile ya majina ya watu na miji: herufi kubwa humwambia msomaji kwamba tunazungumzia kitu kimoja tu. Viunganishi "ya", "vya", "la" na "na" hubaki vidogo, isipokuwa vikianza sentensi.

Kipimo hiki hukwama sehemu mbili. Kwanza, jina likishatajwa kisha ukalirejelea kwa kionyeshi, andika "mapinduzi hayo", "vita hivyo", kwa herufi ndogo, hata kama tukio ni lilelile. Pili, neno uhuru. "Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961" ni hali iliyopatikana, herufi ndogo. "Siku ya Uhuru" ni jina la sikukuu, herufi kubwa. Na Mzanzibari akiandika "kabla ya Mapinduzi" bila kuongeza lolote, mhariri asimsahihishe: wasomaji wake wanajua ni yapi.